Ng'ombe wa Mwananchi, Mkono wa Mtawala

Kila msimu wa kampeni, fahali hufika kabla ya mheshimiwa. Huletwa nyuma ya pikapu, miguu imefungwa kamba, kichwa kimelazwa juu ya chuma, na hukaa hapo tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri bila tone la maji, kwa kuwa mheshimiwa ana mikutano mingine minne na helikopta yake imechelewa. Hatimaye helikopta hutua katika uwanja wa shule ya msingi. Mabati hutikisika, kuku hutawanyika, watoto hufumba macho kwa vumbi. Mheshimiwa hushuka, hupunga mkono, humpiga fahali kofi la mgongoni mbele ya wapiga picha na kutangaza kwamba nyama ni ya wananchi. Umati hushangilia, na watu huanza kukisia kilo.

Sisi tumesimama katika viwanja vingi vya namna hii, na twakiri kwamba kwa miaka mingi tulikisia kilo pamoja na wengine. Safari hii twamwomba msomaji aitazame ile kamba. Wapo watakaosema kwamba jarida hili limeishiwa. Kwamba nchi imezama katika madeni, jamaa za vijana waliopigwa risasi mwezi wa Juni 2024 wangali wanadai haki, na mhariri anaandika habari za fahali. Hatulioni kuwa jambo dogo. Mtu mwenye mamlaka hujipamba mbele ya mwenye kura, hujichunga mbele ya mwandishi wa habari, na hunyenyekea mbele ya mkopeshaji wa kigeni. Mbele ya ng'ombe hana sababu ya kujipamba. Ng'ombe hana kura, hana wakili, wala hatakwenda mahakamani kuomba amri ya kuzuia. Hapo ndipo mkono wa mtu hufanya lile ambao umezoea kulifanya.

Wasomaji wetu wa makanisani wanalifahamu simulizi la Samweli katika uzee wake. Amekwisha kumtawaza Sauli, nywele zake zimekuwa nyeupe, na anasimama mbele ya taifa zima kutoa hesabu ya utumishi wake. Anawataka watu washuhudie mbele ya Bwana na mbele ya mfalme kama amepata kumnyang'anya yeyote ng'ombe au punda, kama amemdhulumu mtu, kama amepokea hongo ya kumpofusha macho. Sisi wanasheria twapenda kuangalia mpangilio wa mashtaka. Ng'ombe na punda wametangulia, hongo imekuja mwisho. Sura chache kabla ya hapo, mzee huyo huyo alikuwa amewaonya watu waliodai mfalme kwamba mfalme huyo atawatwaa punda wao na kuwatia katika kazi zake mwenyewe. Basi wakati wa kuondoka madarakani alijipima kwa kipimo kile kile alichowawekea wengine. Nchini mwetu, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilileta fomu za kutangaza mali, zikajazwa, zikafungiwa kabatini. Samweli alitangaza yake uwanjani, na kila aliyewahi kuibiwa punda alikuwa na nafasi ya kunyosha mkono.

Hebu tulitumie swali hilo kwa watawala wetu, tukianza na wale waliokuja kwa meli.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe kupita kiasi, na kwamba kwato za ng'ombe hao ndizo zinazoharibu udongo. Haikutajwa kwa sauti kubwa kwamba ardhi nzuri ya jirani ilikuwa imekwisha kukatwa na kupewa walowezi, wala kwamba huko Athi River kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama kilichohitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mifugo ikakamatwa kwa nguvu na kupigwa mnada. Ndipo Muindi Mbingu na wenzake wakawaongoza watu wapatao elfu mbili, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kwa maandamano, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Walikuwa hawana bunduki wala chama kilichosajiliwa. Walikuwa na madai ya ng'ombe wao. Serikali ilimkamata Mbingu na kumpeleka uhamishoni Lamu, lakini hatimaye ililazimika kuuacha mpango wa kulazimisha watu kupunguza mifugo. Twalitaja tukio hili kwa sababu vijana wetu wengi hudhani maandamano ya amani jijini Nairobi yalianza siku ya Saba Saba mwaka 1990. Yalikuwapo miaka hamsini na miwili kabla ya hapo, na aliyeyaleta barabarani ni ng'ombe.

Uhuru ulipokuja tulitumaini kwamba mtawala mweusi, aliyelelewa katika harufu ya zizi, angejua thamani ya kilichomo zizini. Katika vita vilivyoitwa vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, majeshi ya serikali yetu wenyewe yaliwapiga risasi ngamia na ng'ombe wa wafugaji wa kaskazini, na watu wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi, mbali na malisho. Huko Isiolo, Waborana wa Waso walioingia katika miaka hiyo wakiwa matajiri wa mifugo walitoka wakiwa maskini wa kuombaomba, na hadi leo kipindi kile wanakiita Daaba, yaani wakati mambo yaliposimama. Ushahidi wa mambo hayo umo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo Rais Uhuru Kenyatta alikabidhiwa tarehe 21 Mei 2013. Ripoti hiyo pia inasimulia yaliyofanyika Pokot Magharibi mwaka 1984, ambako mifugo ilikamatwa katika operesheni ya kusaka silaha ikazuiliwa, na wengi wa wanyama hao wakafa kwa njaa.

Twamwomba msomaji asimame kidogo hapo. Kumpiga risasi mtu anayekushambulia, sheria ina maneno yake. Kumnyang'anya mfugaji bunduki isiyo na kibali, sheria ina maneno yake vilevile. Lakini kumfungia ng'ombe ndani ya boma hadi afe kwa njaa, ilhali mwenyewe anamsikia akilia upande wa pili, ni kitendo ambacho hakina faida yoyote ya kijeshi. Hakimnyimi adui chakula tu. Kinamfundisha mtu kwamba wewe unaweza kufanya lolote. Na kwa kaskazini Bunge letu lilipitisha mwaka 1970 Sheria ya Kinga, iliyozuia mtu kwenda mahakamani kudai lolote kwa yaliyotendwa na maafisa wa serikali katika wilaya zile miaka ile. Ngamia akapigwa risasi, na mwenye ngamia akafungiwa mlango wa korti. Mwanasheria akiisoma sheria hiyo hapati shida kuelewa ni kwa nini miaka kumi na minne baadaye palikuwa na Wagalla.

Hapa tunasikia sauti ya mpinzani wetu: je, si serikali hiyo hiyo iliyowaokoa ndovu? Naam, na hatutaki kumpunja mtu haki yake. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi alitia moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi. Ndovu wetu, waliokuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya sabini, walikuwa wamebaki wasiozidi 20,000. Moshi ule ulionekana dunia nzima, na mwezi wa Oktoba mwaka uo huo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Lilikuwa jambo jema, na warithi wake walilirudia: Rais Kibaki mwaka 2011, na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2015, kisha mwaka 2016 alipoteketeza tani 105 kwa mpigo mmoja.

Hata hivyo moto wa mwaka 1989 uliwashwa mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa mlolongo, ambao mtu aliyekuwa na foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi mbele ya macho ya wenye foleni ndefu. Na haukutimia mwaka mmoja tangu moto huo kabla ya polisi kuwapiga risasi wananchi siku ya Saba Saba kwa kosa la kutaka vyama vingi. Wakati picha za moto zilipokuwa zikisambazwa ng'ambo, Nyayo House ilikuwa na vyumba vyake vya chini. Ndovu alipata ulinzi ambao raia hakuupata. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa wepesi kwamba anayemhurumia mnyama atamhurumia na binadamu. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria ya kuwalinda wanyama mnamo Novemba 1933, katika mwaka wake wa kwanza, nayo ilikuwa miongoni mwa sheria kali za aina hiyo wakati wake. Mfalme Haile Selassie aliwapenda mbwa wake na simba wake, na usiku wa kuamkia kupinduliwa kwake mwezi wa Septemba 1974 televisheni ya Addis Ababa iliwaonyesha wananchi picha za mbwa hao wakilishwa nyama, zikiwa zimechanganywa na picha za watu wa Wollo waliokuwa wakifa kwa njaa. Ni kweli kwamba waliozichanganya walikuwa maafisa wa jeshi wenye hila zao, ambao baadaye waliimwaga damu nyingi kuliko mfalme. Lakini picha zenyewe hazikuwa za kubuni.

Basi tutamtazamaje mwanasiasa? Twasema: asitazamwe pamoja na mnyama anayempamba. Ndovu ni mnyama wa picha. Ndama yatima mwenye blanketi mgongoni humfaa kila waziri anayetaka kuonekana mpole. Mtazameni mwanasiasa pamoja na mnyama wa mtu maskini, yule ambaye hakuna mgeni atakayesafiri kutoka Ulaya kuja kumwona. Na hakuna mnyama wa namna hiyo kumshinda punda.

Punda wa Kenya ni mwanamke mwenzake mwanamke. Ndiye anayebeba madebe ya maji, kuni, mchanga na magunia ya mahindi. Ndiye anayempa binti nafasi ya kwenda shule badala ya kwenda kisimani. Mwaka 2016 serikali iliruhusu machinjio ya punda yafunguliwe, na kwa muda mfupi yakawa manne: Mogotio, Naivasha, Turkana na Machakos. Ngozi zilikwenda China, zikachemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda huzaa mtoto mmoja, baada ya kubeba mimba kwa takriban mwaka mzima. Hata mtoto wa darasa la nne angeweza kuifanya hesabu hiyo kabla ya kibali cha kwanza kutiwa sahihi. Matokeo yalikuwa wizi. Watu walilala wakiwa na punda watatu wakaamka hawana hata mmoja, na nyuma ya kichaka wakakuta mizoga isiyo na ngozi. Mwanamke aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni akabaki kuyabeba kwa mgongo wake.

Tunajiuliza ni nani katika ofisi zile aliyemwita mwanamke huyo kumwuliza. Vibali vilitolewa na watu wenye shahada, wenye madereva, na bila shaka wenye maji ya mfereji nyumbani. Mwezi wa Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, alisikia kilio na kuyapiga marufuku machinjio hayo. Tulimshukuru wakati ule na twamshukuru sasa. Mwezi wa Mei 2021 Mahakama Kuu huko Naivasha ikaitangua marufuku hiyo. Hatuandiki hapa ili kumlaumu jaji. Sisi tuliopigania uhuru wa mahakama hatuwezi kuulilia uhuru huo siku unapotuuma. Tunachosema ni kwamba amri ya waziri ni kibanda, na kwa jambo lenye uzito huu Bunge lilipaswa kujenga nyumba ya mawe. Wabunge hao wana kasi ya ajabu linapokuja suala la marupurupu yao. Ilikuwa ni wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa Februari 2024, walioafikiana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kila tunapolitafakari jambo hili, fikira zetu hurudi kwa Balaamu. Alikuwa mtu wa dini mwenye jina kubwa, naye alikuwa safarini kwa ajili ya malipo ya mfalme aliyetaka watu walaaniwe. Punda wake alimwona malaika njiani, yeye hakumwona. Akampiga punda mara tatu, na akasema kwamba angekuwa na upanga angemwua. Wahubiri wetu hupenda kukaa juu ya muujiza wa punda kusema. Sisi twaona kwamba tabia ya Balaamu ilikuwa imekwisha kujulikana kwa yale mapigo matatu, kabla punda hajatamka neno.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni yule anayewajibika mnyama anapokufa mikononi mwa serikali. Katikati ya mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Maji ya visima walivyowekewa yalikuwa na chumvi nyingi. Kiu ikawafanya wayanywe, na kuyanywa kukawazidishia kiu. Kumi walikufa, na wa kumi na moja, aliyebaki dhaifu, akashambuliwa na simba akafa naye. Maafisa wakasimamishwa kazi. Waziri akabaki kitini. Hatusemi kwamba waziri alipaswa kwenda kuyaonja maji. Lakini twamkumbusha msomaji kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa pia wanapokufa watoto wa shule au wagonjwa hospitalini: wa chini husimamishwa, wa juu huhuzunika mbele ya kamera.

Na vipi kuhusu mjane ambaye mumewe aliuawa na ndovu? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa kila anayeuawa na mnyama wa porini. Familia nyingi zimesubiri kwa miaka, faili zikihama kutoka kamati moja hadi nyingine. Serikali isiyomlipa mjane huyo inamfundisha mwanawe kumchukia ndovu, na mwana huyo akikamatwa kesho na mkuki, serikali hiyo hiyo itamfikisha kortini bila kukawia.

Haki inatudai tuseme na yetu. Mwezi wa Mei 2013 wabunge wapya walipodai mshahara mkubwa kuliko ule uliowekwa na tume, wanaharakati walipeleka nguruwe na damu kwenye lango la Bunge. Ujumbe ulifika, dunia nzima iliusoma. Wengi wetu tulicheka, na tulifurahi. Lakini nguruwe wale waliwekwa katikati ya virungu na mabomu ya machozi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameomba nyongeza ya mshahara. Kadhalika wapo miongoni mwetu waliowahi kumnyonga jogoo hadharani kwa sababu tu jogoo ni alama ya KANU. Jogoo hakumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwanamageuzi anayejizoeza kumwadhibu asiye na hatia ili kumwudhi mwenye hatia hatofautiani sana na yule afisa wa Pokot, ila kwa kimo cha cheo.

Sasa uchaguzi wa mwaka 2027 uko mbele yetu, na vikundi vya haki na amani katika parokia na makanisa vitawaita wagombea waje kuhojiwa. Twaomba maswali haya yaingie katika orodha. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza hali ya wanyama. Basi mgombea wa ugavana aulizwe amepanga kufanya nini na machinjio ambayo maji yake machafu huishia mtoni, na majosho yaliyokauka, na masoko ya mifugo yasiyo na hori la maji wala kivuli. Mgombea wa ubunge aulizwe kama atapeleka muswada wa punda, na faili za fidia za eneo lake ni ngapi. Wafanyakazi wa shamba lake waulizwe, bila yeye kuwapo, ng'ombe wake hunyweshwa lini, na wao wenyewe hulipwa lini. Mara nyingi majibu hayo mawili hufanana. Na yule fahali wa kwenye pikapu asichinjwe kabla mwenyekiti wa mkutano hajauliza kwa sauti alinunuliwa kwa pesa za nani, kisha amwagize mtu amfungue kamba na kumletea ndoo ya maji.